Stata inazunguka, plagi haitoi moto: pa kuanzia baada ya kubadilisha injini

Corolla yangu ilichemsha kwenye ule mpando wa kutoka Tukuyu kuja Isyonje, nyuma nikiwa na mikungu ya ndizi. Nilipofungua kifuniko cha oili nikakuta rangi ya chai ya maziwa. Maji yameshaingia ndani. Hesabu ya kufufua injini ile ilizidi ya kununua ya mtumba, kwa hiyo nikaagiza Dar es Salaam, ikasafiri zaidi ya kilomita 800 mpaka Mbeya, ikafungwa kwa siku mbili. Siku ya tatu tukapiga stata. Ikazunguka vizuri kabisa, haikuwaka.

Tulifungua plagi moja, tukaipima. Hakuna moto. Siku tatu zilizofuata nilitoa hela tu: koili ya mtumba (ile inayotengeneza umeme mkali wa plagi), kisha distribyuta nzima (inayougawa umeme huo kwa kila plagi), kisha plagi nne mpya. Kila kifaa kilipofungwa tulipiga stata tena, na kila mara plagi haikutoa moto. Ninaandika haya kwa sababu fedha ile iliniuma, na kwa sababu najua kuna mtu leo yuko gereji anaambiwa akanunue koili.

Aliyenitoa pale ni mzee mmoja fundi umeme. Nilimwamkia, nikaanza kumsimulia, akanikatisha kwa upole: "Kijana wangu, washa swichi tu, stata usiguse." Nikawasha. Akaangalia dashibodi. "Taa ya injini iko wapi?" Taa ya oili ilikuwa inawaka, ya betri inawaka, lakini ile ya rangi ya chungwa yenye picha ya injini haikuwepo. Siku zote tatu haikuwepo, na hakuna kati yetu aliyeiuliza.

Akapitisha mkono nyuma ya manifodi ya hewa, akatoa nyaya mbili nyembamba zenye vichwa vya duara vya kupitishia bolti. Vilikuwa vyeusi kwa oili. Ndizo ethi, yaani nyaya za kurudisha umeme kwenye hasi ya betri, za kontroli boksi, ile kompyuta ya injini. Kwenye Toyota nyingi zinafungwa kwenye injini yenyewe, hivyo injini ikitolewa lazima zifunguliwe, na ya pili ikiingia ni rahisi mno kuzisahau kule nyuma. Alizisugua kwa msasa mpaka zikang'aa, akasugua na pale zinapokaa, akakaza bolti kwa spana namba kumi. Swichi ikawashwa, taa ya chungwa ikatokea. Plagi ikaanza kupiga moto wa bluu, tik tik tik.

Utajiuliza, kama ethi haikuwepo, stata ilizungukaje? Stata ina njia yake. Waya mnene wa hasi wa betri huenda kwenye gia boksi au kwenye bloku, na stata imefungwa hapo hapo. Kontroli boksi inategemea zile nyembamba. Stata kuzunguka hakukuhakikishii chochote kuhusu ethi ya kontroli boksi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: gari lililokuwa likiwaka kabla ya kubadilishiwa injini, shuku kwanza kile ambacho mikono imegusa. Nyaya, soketi, ethi, fyuzi. Vifaa vinunuliwe mwishoni.

Kupima moto kwenyewe kuna namna yake. Chomoa soketi za injekta ili petroli isimwagike ndani. Shika plagi kwa plaizi yenye mpini wa plastiki, mwili wake wa chuma uguse chuma cha injini, mwenzako apige stata. Usiishike kwa vidole, maana koili inatoa maelfu ya volti. Usiache waya wa plagi ukielea hewani wakati stata inazunguka. Unaweza kuua koili ambayo ilikuwa nzima.

Halafu betri. Iliyojaa husoma kama volti 12.6, na stata ikizunguka isishuke sana chini ya 10. Asubuhi za Juni huku Uyole, kwa baridi ile, betri iliyochoka hudanganya watu wengi. Fyuzi na rilei za EFI, ule mfumo wa kupulizia petroli kwa kompyuta, ni kazi ya dakika tano, usiziruke.

Ethi ipime stata ikizunguka, kuitazama kwa macho hakutoshi. Ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Ikisoma zaidi ya nusu volti, kuna mahali umeme unahangaika kurudi: rangi, kutu, au bolti iliyolegea.

Ethi zikiwa sawa na taa ya injini inawaka, nenda kwenye umeme wa koili. Hapa nina kisa kingine. Shemeji yangu wa Mbalizi alibadilisha injini ya Starlet, nayo ikakataa kutoa moto. Tukapima koili, swichi ikiwa imewashwa: volti 12 zipo. Angeishia hapo angesema umeme upo. Nikamwambia, "Shemeji, piga stata nikiwa nimeshikilia multimita." Namba ikaanguka mpaka sifuri. Aliyeunga nyaya alichukua umeme kwenye laini ya redio, na laini hiyo hukatika stata inapopigwa. Tukahamishia kwenye laini inayobaki hai nyakati zote mbili, swichi ikiwashwa na stata ikipigwa, gari likawaka.

Umeme ukiwepo nyakati zote mbili na bado hakuna moto, fungua kifuniko cha distribyuta uone kama rota, kile kipande cha katikati, inazunguka stata ikipigwa. Isipozunguka, tatizo ni belti ya taimingi au distribyuta haijaingia vizuri. Ikizunguka, ndipo uangalie sensa za ndani na waya unaoleta amri kutoka kontroli boksi. Angalia pia aina: kuna distribyuta zenye koili ndani na kuna zenye koili nje, hata kwenye injini za ukoo mmoja. Soketi zake hazifanani, na kuunganisha kwa kufuata rangi za nyaya peke yake ni hatari. Ndiyo maana ukinunua injini, omba ije na kontroli boksi yake na wayaringi (fungu zima la nyaya) isiyokatwa, hata kama bei itapanda kidogo.

Siku hizi, kabla injini haijanyanyuliwa, napiga picha kila soketi kwa simu. Zile ethi mbili za nyuma ya manifodi nazifunga kitambaa chekundu, na kitambaa hakitoki mpaka bolti imekazwa.