Virusi huzaliana, hujinakili au hunakiliwa?

SWALI: Mwalimu, mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea, Langoni, Amu. Niliwaambia kina mama kuwa virusi "huzaliana" mwilini, mwenzangu akanikosoa: eti niseme "hujinakili". Nani kapatia? Na kirusi kikikaa mwilini miaka bila kuuguza, husemwaje?

JIBU: Mwenzako kakaribia, ila na yeye hajafika. Kuzaliana ni kwa mbu: jike na dume, mayai, viluwiluwi, ndiyo maana nyumba za Amu zikifuga visamaki birikani viwale. Kirusi hakina jike wala dume, wala hakijigawi mara mbili kama bakteria. Huingia ndani ya seli, kikaipa maagizo yake ya urithi, na seli ndiyo itokayo jasho. Wakumbuke waandishi wa Siyu waliokuwa wakinakili misahafu kwa mkono. Chukua kwamba mtu kamnyatia mmoja wao, kaondoa msahafu, kaweka waraka wake mahali pake, na mwandishi aendelea kunakili tu, wino wake, karatasi zake. Basi virusi *hunakiliwa* na seli. Ile -ji- ya "hujinakili" yakisifu kirusi kwa kazi ya mwenzake. Vitabuni utakuta pia "kujirudufu". Mbele ya kina mama, mie silitumii.

Swali la pili ndilo tamu. "Hudumu" lataja muda tu. Mimi husema *hujibanza*. Mtoto apona tetekuwanga, vipele vyakauka, kumbe kirusi kimerudi nyuma hadi kwenye mafundo ya neva kando ya uti wa mgongo. Miaka arubaini baadaye, kinga ikilegea, chatoka kwa neva ile ile: malengelenge yamejipanga ubavu mmoja, mkanda wa jeshi huo.

VVU vyapita hapo. Hivyo *hujipachika*: maagizo yao huingizwa ndani ya DNA ya seli yenyewe. Dawa za ARV huzuia visinakiliwe, lakini haziwezi kuyang'oa yaliyokwisha kupachikwa. Kwa hiyo neno "vimelala" nalihofia. Mgonjwa akiambiwa vimelala, naye atataka kupumzika na vidonge, na akiacha, kwa kawaida virusi hurudi damuni baada ya wiki chache.

Na "kirusi" kwa umoja ni sawa, ingawa neno lilitujia likiwa "virusi" na hiyo ki- tumeitunga sisi. Ukiandika tu, angalia herufi ya kwanza: kwa herufi kubwa ni lugha ya Moscow.