Mchumba wangu amechoma riwaya zangu

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, nafanya kazi saluni hapa Mwanjelwa, Mbeya, na naimba kwaya ya vijana kanisani kwetu. Mchumba wangu zamani alikuwa mtu wa baa, mwaka jana akaokoka. Mwezi uliopita alikuja nyumbani nikiwa kazini, mama akamfungulia. Akafuta tamthilia zote za Kikorea na muvi za Kibongo kwenye flashi yangu, akachukua riwaya zangu akazichoma nyuma ya nyumba. Mbili nilikuwa nimeziazima kwa rafiki yangu. Anasema hata Waefeso walichoma vitabu, na kwamba Biblia inasema mazungumzo mabaya huharibu tabia njema. Mama anasema nishukuru nimepata mwanaume mcha Mungu. Nakiri, kuna siku naangalia tamthilia hadi saa tisa usiku, Jumapili nachelewa kwaya. Posa imeshapokelewa. Je, nilikuwa natenda dhambi? Na pale saluni redio inapiga Bongo Fleva kutwa, niache kazi? – Mwimbaji, Mwanjelwa*

Marahaba, mwanangu. Kazi usiache. Redio ni ya mwenye saluni, na wewe umeenda pale kusuka. Tuje kwenye moto.

Hiyo habari ya Waefeso iko Matendo ya Mitume 19:19, na ni kweli vitabu vilichomwa, thamani yake ikahesabiwa ikafika fedha hamsini elfu. Ila uusome mstari huo polepole. Waliochoma ni wale waliokuwa wakitumia mambo ya uganga, na vitabu walivyoleta vilikuwa vyao wenyewe. Hakuna aliyesubiri jirani aende kazini ndipo aingie kubeba. Wala hatuambiwi kwamba Paulo aliwaamuru. Dhamiri zao ziliwachoma, wakaingia hasara kwa mali yao. Mchumba wako ametubu kwa mali yako, tena na ya rafiki yako.

Andiko lake la pili ndilo lililonifanya nitabasamu. "Mazungumzo mabaya huharibu tabia njema" ni 1 Wakorintho 15:33, lakini Paulo hakuyatunga maneno hayo. Wafafanuzi wa Biblia tangu zamani wanasema yametoka kwa Menander, Mgiriki aliyeandika michezo ya kuchekesha karne tatu hivi kabla ya Paulo: vijana waliopendana, watumwa wajanja, wazee wakali. Bongo Muvi ya wakati ule, ukipenda. Na alipohubiri Athene, katika Matendo 17:28, Paulo akanukuu mshairi wa kwao: "Maana sisi sote tu wazao wake." Shairi lile lilikuwa linamsifu Zeu, mungu mkuu wa Wagiriki! Paulo alichukua mstari aliouona una kweli ndani yake, akautumia kumtangaza Mungu aliyeumba mbingu na nchi, na Zeu akamwacha alipo. Angeutoa wapi kama hakuwahi kuusoma wala kuusikia?

Hata hapa kwetu, Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa misa ya kila siku, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare zenye visu na visasi ndani yake, na uzeeni akaziweka Injili na Matendo ya Mitume katika tenzi. Sijasikia mtu akisema Shakespeare alimharibia imani.

Kwa hiyo kusoma riwaya si dhambi. Lakini hiyo saa tisa usiku, hapo sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Kitu kinachokunyima usingizi na kukuchelewesha ibadani kimeshakuwa bwana wako, hata kama ndani yake hakuna busu hata moja. Halafu jiulize kinakufundisha kutamani nini. Tamthilia nyingi za Kikorea zinazozunguka kwenye flashi zetu zina kijana wa familia tajiri anayempenda msichana wa hali ya chini. Tamu, naziangalia na mimi. Ila ukizima TV ukamtazama mchumba wako ukaona hana maana kwa sababu hana gari, ujue somo limeingia. Na usidhani wimbo ukiitwa wa Injili umeshapita mtihani. Zipo nyimbo za Injili ambazo mwanzo hadi mwisho ni maadui zangu wataaibika, wataniona nikipanda juu. Huo moyo nao ni wa kuuogopa. Paulo aliwaambia Wathesalonike wajaribu mambo yote, walishike lililo jema. Kujaribu huko ni kazi yako wewe, kwa masikio yako na akili zako.

Mchumba wako naye nimhurumie kidogo. Mtu aliyetoka baa mwaka jana, ngoma ya Bongo Fleva ikipigwa humrudisha kaunta. Kwako ni wimbo tu, kwake ni jina la bia na sura za wale alioshinda nao. Mkiwa pamoja, zima. Paulo alikuwa tayari kuacha nyama maisha yake yote asije akamkwaza ndugu yake. Lakini aliyeamua kuacha nyama ni Paulo mwenyewe; hakuna aliyempokonya sahani. Warumi 14:5 inasema kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe, na sijaona palipoandikwa "isipokuwa wachumba".

Mama yako namheshimu, ila hapa nampinga. Leo ni riwaya. Kesho ikiwa simu yako, marafiki zako, mshahara wako wa saluni, atakuwa na andiko la kila kimoja.

Zungumza naye, mchana, mkiwa mmetulia. Mwambie ulichokiri kwangu kuhusu kukesha, maana hapo ana hoja. Kisha mwambie zile riwaya mbili za kuazima azinunue upya, azipeleke yeye mwenyewe kwa rafiki yako na kumwomba radhi. Usiende kumlipia. Akikubali, mkaribishe jioni moja muangalie muvi moja hadi mwisho, halafu mbishane juu yake hadi chai ipoe. Akikataa, mwite mshenga, na jambo hili mlipeleke kwa mchungaji kwenye mafundisho ya ndoa kabla tarehe haijatangazwa na kadi za michango hazijaanza kugawiwa.