Data za magari zinaenda wapi: maswali yenu kutoka Nkuhungu, Singida, Kibaigwa na kwingineko

Tangu niseme kwamba magari ya sasa yanakusanya taarifa kila yanapotembea, na kwamba kuna biashara kibao zinaishi kwa hizo taarifa, meseji zimekuwa nyingi. Nimechukua hizi chache, majina nimeyaficha, na jibu langu linafuata chini ya kila swali.

Nina bodaboda ya mkataba hapa Nkuhungu, Dodoma, imefungwa GPS. Juzi nimeenda msibani Bahi, mtu wa kampuni akanipigia kuniuliza nafanya nini huko. Ana haki hiyo?

Pole na msiba kaka. Kukuona anakuona kweli, kile kidude kina laini ya simu ndani, kinapata mahali ulipo kupitia setilaiti halafu kinatuma kwenye seva yao, na mtandao ukikata huko njiani kinahifadhi, kikifika penye mnara kinatuma vyote kwa mkupuo. Wakopeshaji wanakipenda kwa sababu pikipiki ndo dhamana yenyewe, usipopeleka rejesho wanajua pa kukufata, na vingine vinaweza hata kuzima injini. Ila kuna matumizi ambayo madereva wengi hawayajui: historia ya mizunguko yako inamuonyesha mkopeshaji kama unapiga kazi kila siku au chombo kinalala ndani, na hiyo anaweza kuitumia akiamua kukukopesha tena au kukunyima.

Sasa haki. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na msingi wake ni kwamba taarifa zako zikusanywe kwa sababu inayojulikana na zitumike kwa sababu hiyo hiyo. Kulinda dhamana ni sababu, sawa. Kukuhoji umeenda kumzika nani hiyo mimi siioni kabisa kwenye kulinda dhamana. Tafuta mkataba wako uusome, angalia kama umeandikwa Dodoma mjini tu au popote, kisha waandikie meseji ya kistaarabu uulize wanachukua taarifa gani na nani anaziona. Wakikupuuza, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko. Na uliza pia hili, tafadhali usiliache: injini wanaizima ukiwa umesimama au hata ukiwa kwenye mwendo? Maana kuzimiwa pikipiki katikati ya barabara ya Singida na lori liko nyuma ni habari ya uhai wako, sio ya rejesho.

Mwanangu anaendesha basi Singida–Dar, anasema LATRA, wale wadhibiti wa usafiri wa ardhini, wanamuona kila anapokwenda. Kweli au ananituliza?

Shikamoo mama. Kweli kabisa. Mabasi ya masafa marefu yanafungwa mfumo wa kufuatilia magari, VTS, unatuma mahali basi lilipo na kasi yake, na mwisho wa kasi kwa basi ni kilomita 80 kwa saa. Kuna na kitufe cha utambuzi wa dereva, anakigusisha kabla ya kuondoka ili ijulikane nani yuko kwenye usukani, kwahiyo akizidisha mwendo mwenzake habebeshwi kosa lake. Mwenye basi naye anatumia taarifa hizo hizo, na ikitokea ajali wachunguzi wanaangalia kasi ilikuwa ngapi kabla ya tukio badala ya kubishana na mashahidi. Mimi nausifu huu mfumo wazi wazi, barabara ya kati imetuchukulia watu wengi mno.

Mie utingo wa lori la transiti la Rwanda. Ile sili ya umeme kwenye kontena ni ya nini?

Ni ya TRA, mamlaka ya mapato. Mzigo wa transiti, yani unaopita tu kwenda nchi nyingine, haujalipiwa kodi hapa, kwahiyo sili inatoa taarifa kontena likifunguliwa njiani au lori likiacha njia iliyopangwa. Bosi wako yeye anaangalia zaidi tanki, sensa ya mafuta ikionyesha lita zimeshuka ghafla na lori limesimama, anajua yamenyonywa.

Nikiendesha vizuri bima si ipungue?

Kwa wenzetu ndo inavyokwenda, Marekani na Uingereza kuna bima ambayo bei inafuata unavyoendesha: breki za ghafla, kasi, saa za usiku. Hapa kwetu kwa kawaida bima kubwa (comprehensive) inapigwa kwa asilimia ya thamani ya gari, hata uwe mpole namna gani. Natamani na sisi tufike huko ila kwa tahadhari, maana Machi 2024 gazeti la New York Times liliandika kuwa General Motors ilikuwa inapeleka taarifa za uendeshaji kwa LexisNexis na Verisk, kampuni za kuuza data, na hao wanawauzia kampuni za bima, wenye magari wengine wakashtukia bima imepanda bila kujua kwanini. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikachukua hatua ya kuizuia GM kwa miaka mitano isipeleke taarifa kwa makampuni ya aina hiyo. Yani punguzo lije, lakini mtu akubali mwenyewe kwanza.

Taa ya injini imewaka, fundi Kibaigwa kapima na kompyuta kasema ninunue koili zote nne. Ninunue?

Subiri kwanza dada. Koili ni kile kidude kinachopeleka umeme kwenye plagi, na ile mashine inasoma kodi tu, yani namba ya hitilafu (code), muulize ni ipi. Kama gari inamisi, yani injini inakatakata, na kodi ni P0301, maana yake silinda namba moja haichomi vizuri, haijasema koili imekufa. Mwambie ahamishe koili ya namba moja aiweke namba mbili, ile ya mbili aiweke moja, afute kodi, mzunguke kidogo, apime tena. Ikigeuka P0302, shida imehama na koili, nunua moja. Ikibaki P0301, aangalie plagi, nozeli, na mgandamizo wa silinda. Hapo hujatoa hata mia ya spea. Fundi akikataa kukuonyesha kodi nenda kwa mwingine.

Ramani ya kwenye simu inajuaje kuna foleni?

Simu za walioko barabarani wanaotumia hiyo ramani ndo zinatuma kasi yao. Penye watu wachache wanaoitumia, makadirio yanalegea.

Nauza gari yangu iliyotoka Japani. Kuna cha kufuta?

Kipo, na wengi wanasahau. Ukiunganisha simu kwa bluetooth redio nyingi zinabeba majina na namba zako, na nevigesheni inaweka nyumbani kwako. Ingia kwenye setingi, futa simu zote, kisha rudisha redio ilivyotoka kiwandani. Kama menyu bado ni ya Kijapani, elekezea kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri, utaona pa kubonyeza. Na kama ulifunga GPS, hamisha akaunti au ing'oe, usije ukabaki unaona nyumbani kwa mnunuzi.