Panya wangu mpole ameanza kung'ata: ni homoni au anaumwa?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nafuga panya wawili madume, ndugu wa tumbo moja, wana miezi minane. Mmoja alikuwa mpole kupindukia, hata usingizi alikuwa anaupata ndani ya mkono wa sweta yangu. Wiki hizi mbili nikiingiza mkono tunduni anatimua manyoya na kuhema kwa kishindo. Juzi kaning'ata kidole, akang'ang'ania, damu ikatoka. Nduguye naye ana vidonda kiunoni. Rafiki kanishauri nimpindue chali na kumbana hivyo hivyo mpaka atulie, ajue mkubwa ni nani. Nifanye hivyo?

JIBU: Usimpindue. Panya aliyekwisha pandisha hasira ukimbana chali, anachojifunza ni kwamba mkono wako kweli ni hatari. Mara ijayo atang'ata bila hata kukuonya kwa manyoya.

Dume, miezi minane, ndugu mwenye vidonda kiunoni: hayo matatu yakikutana, mimi huanza kushuku homoni. Panya hubalehe mapema, akiwa na wiki chache tu, ila ukali unaoletwa na testosteroni, homoni ya kiume, kwa madume wengine huchelewa na kujitokeza kati ya miezi mitano na mwaka mmoja. Usijilaumu kwa malezi. Unaweza kumlea kiganjani tangu hajafungua macho na bado akabadilika hivi.

Kaa pembeni umtazame akiwa na nduguye. Dume wa namna hii haendi mbele moja kwa moja. Huenda kiubavuubavu, mgongo kaupinda, manyoya yamesimama, anamsukuma mwenzake kwa nyonga huku ncha ya mkia ikichezacheza. Utamwona pia akijisugua mbavu kwenye kuta za tundu na kuacha vitone vya mkojo kila apitapo. Panya mwenye woga hafanyi hayo. Yeye hurudi kona, hulia, hung'ata upesi na kuachia. Wako alikung'ata na kung'ang'ania, na hiyo si dalili ya woga.

Hata hivyo nisingemhasi kabla ya kumpima, kwa sababu maumivu nayo humfanya panya mpole awe mkali. Jipu chini ya manyoya, meno yaliyorefuka (ya mbele hayaachi kuota maisha yake yote), kidonda cha wayo, maambukizi ya sikio la ndani yanayomfanya ainamishe kichwa upande mmoja: vyote hivyo huanza kimyakimya. Mpime uzito kila siku chache kwa mizani ya jikoni. Angalia kama macho na pua vina ute mwekundu. Wengi hudhani ni damu, kumbe ni rangi inayotoka kwenye tezi iliyo nyuma ya jicho, na huzidi panya akiwa mgonjwa au ana msongo. Angekuwa na miaka miwili ningewaza pia uvimbe kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ambao hubadili tabia na kumfanya ashindwe kushika chakula vizuri kwa mikono ya mbele.

Akikutwa mzima, ahasiwe. Kwa ukali wa homoni sijaona mbinu ya kumfundisha inayofikia hapo. Tafuta daktari aliyezoea wanyama wadogo, maana nusukaputi ya panya inahitaji uzoefu. Akikuambia umlaze njaa usiku mzima kabla ya upasuaji, muulize tena kwa adabu: panya hawezi kutapika, hivyo sababu ya kumlaza mbwa njaa haimhusu. Baada ya hapo mpe wiki kadhaa, kwani homoni haziishi siku ile ile ya kisu. Katika wiki hizo asiwekwe na majike, bado anaweza kutia mimba.

Kwa sasa watenganishe, maana damu imeshamwagika. Matundu yaachane kidogo, wasije wakang'atana vidole vya miguu kupitia nyavu. Nawa mikono kila utokapo kumshika mmoja kabla ya kumgusa mwingine. Panya haoni vizuri, hukutambua kwa harufu, na mkono unaonuka dume mwingine kwake ni dume mwingine. Usimlishe kwa kupenyeza kidole kwenye nyavu. Ukitaka kumtoa, mwekee kiboksi aingie mwenyewe, kisha ukibebe. Usimvute mkia hata kidogo, ngozi yake huchubuka ikabaki mkononi mwako. Na siku ya usafi bakiza matandiko machache ya zamani; ukiondoa harufu yake yote ataanza kuweka mipaka upya, na hasira zitapanda.

Kuhusu kidole chako: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha uliza kama chanjo yako ya pepopunda bado ina nguvu. Kuna homa ya kuumwa na panya, inayoletwa na bakteria aitwaye Streptobacillus moniliformis, ambaye hukaa kinywani mwa panya asiye na dalili yoyote. Kwa kawaida hujitokeza siku 3 hadi 10 baada ya jeraha: homa, kutapika, viungo kuuma, vipele mikononi na miguuni. Inatibika kwa antibiotiki, lakini ikiachwa inaweza kuua. Ukipata dalili hizo nenda hospitali, hata kama kidonda kimeshafunga, na useme mwenyewe kwamba umeng'atwa na panya. Daktari hawezi kukisia kwamba unafuga panya nyumbani.