Mbona Mkaa Ni Kosa, Shamba Si Kosa?

SWALI: Shikamoo Bwana Misitu. Nachoma mkaa huku Kilosa, ndio unaosomesha wanangu wanne. Mwezi uliopita nilikamatwa getini na magunia sita, sina kibali. Mkaa ukaenda, na faini juu. Sikatai, kosa langu. Lakini nyuma ya kijiji chetu kuna mtu kafyeka pori zima, katia moto, kapanda ufuta, na hakuna aliyemuuliza. Hii sheria inamlinda nani? – Mama Mkaa

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimevaa kaki miaka mingi na magunia niliyokamata sina idadi. Mkulima aliyefyeka pori la kijiji sikumkamata hata mmoja, na si kwamba nilikuwa sioni. Mkaa unatembea: utapita barabarani, na barabarani tumeweka geti. Shamba halitembei. Kinachokuja kupita getini ni ufuta wenyewe, nao unalipiwa ushuru na mkulima anasifiwa.

Tena pori lile likiwa ni ardhi ya kijiji ambayo haijatengwa, serikali ya kijiji ina nguvu ya kumgawia mtu alime. Akishagawiwa, bwana misitu anabaki kuangalia moshi. Serikali yenyewe ilikadiria kuwa kati ya 2002 na 2013 Tanzania Bara ilipoteza wastani wa hekta 469,000 za misitu kila mwaka. Jembe lina sehemu kubwa humo kuliko tanuri lako.

Sasa kuna mkakati wa nishati safi, asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Kwa mapafu ya akina mama nauunga mkono. Wasiwasi wangu ni huu: mkaa ukikosa wanunuzi, pori lisiingizie kijiji hata senti, nani atazuia jembe lisiingie?

Hapo ndipo Sheria ya Misitu ya 2002 inapokufaa, ingawa getini hawakukwambia. Inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kutunga sheria ndogo na kukusanya tozo chenyewe. Hapo hapo Kilosa vipo vijiji vilivyoanza kuvuna mkaa hivyo tangu mradi wa 2012. Msitu unagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50. Kimoja kinavunwa, cha jirani kinaachwa, kama drafti. Kisiki haking'olewi. Miyombo ina roho ngumu, inachipua, na kitalu kinapumzishwa miaka 24. Tozo imejenga madarasa na visima. Na msitu uliotengwa hivyo, mtu wa ufuta haingii.

Kwa hiyo kamuulize mwenyekiti wa kamati ya maliasili kama kijiji chenu kimeshatenga. Kama bado, lipeleke mkutano mkuu wa kijiji, na uende na wachomaji wenzako, usiende peke yako. Kama tayari, omba kitalu na kibali kabla hujagusa shoka. Na hayo magunia, mwanangu, yasiwe lumbesa.