Bunduki ya Mashoto: Usikubali Kuambiwa "Utazoea"

Wiki iliyopita kijana mmoja tunayesali naye hapa Brooklyn Park, Minnesota, alinipigia simu akiwa ndani ya duka la silaha. Ni mashoto kama mimi. Amemaliza kozi ya usalama wa silaha, na Novemba hii anataka kuingia msituni kuwinda kulungu kwa mara ya kwanza. "Kaka, hawana ya mkono wa kushoto," akaniambia. "Muuzaji anasema nichukue hii ya kawaida, eti nitazoea."

Nilimwomba airudishe kaunta, ashukuru, atoke nje tuzungumze. Tuliongea karibu saa nzima yeye akiwa ndani ya gari lake, na mengi niliyomwambia ndiyo haya ninayoyaandika hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake.

Hilo neno "utazoea" nimelisikia tangu utotoni. Nimezaliwa Kilifi, na kwetu hata jina la mkono linakufundisha: mkono wa kulia ndio wa kulia chakula. Kila nilipopeleka wa kushoto kwenye sinia, bibi aliugonga kwa mwiko, taratibu, bila hasira. Nikazoea. Hadi leo nakula kwa mkono wa kulia, natoa na kupokea kwa mkono wa kulia, na watoto wangu nawafundisha vivyo hivyo. Hiyo ni adabu na naipenda. Lakini bunduki haina adabu ya mkono. Ni chombo cha kuua, na mkono unaoiendesha ni lazima uwe ule unaoutegemea bila kufikiri.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo mimi sikuwahi kushika bunduki hadi nilipofika huku. Aliyenifundisha ni mzee mmoja jirani yetu, mzaliwa wa kaskazini mwa jimbo, na msimu wangu wa kwanza aliniazima bunduki yake ya risasi aina ya .308, yenye bolti upande wa kulia, yaani lile komeo la chuma la kukokia unaloinua na kulivuta ili kutoa ganda la risasi na kuingiza risasi nyingine. Kwenye uwanja wa shabaha nilipiga vizuri kabisa. Bunduki imelala mezani juu ya mfuko wa mchanga, mtutu hauendi popote, mkono wangu wa kulia uko huru kuvuta bolti. Nikajiona nimezoea. Na hapa ndipo wauzaji wengi wanapopotea wanapotushauri: wanatuona tukiwa mezani.

Msituni hakuna meza. Nilikuwa juu ya dungu, kwenye mti, baridi imeuma vidole, na kulungu jike akatoka kwenye vichaka umbali wa kama mita 70. Nikasema Bismillahi, nikafyatua. Risasi ilimpata nyuma mno, tumboni. Alikimbia hatua kama ishirini, kisha akasimama, ubavu wote ameuelekeza kwangu. Mtu wa mkono wa kulia angekoki na kumpiga ya pili papo hapo bila kuondoa shavu kwenye kitako. Mimi niliuachia mkono wa kushoto, nikaupitisha juu ya darubini kukifuata kishikio cha bolti upande wa pili, na mkono wa koti ukanasa kwenye darubini. Kitako kikateleza begani. Nilipoinua macho palikuwa na miti tu.

Tulifuata matone ya damu hadi giza likatuzuia. Asubuhi tulimkuta karibu nusu maili kutoka kwenye dungu, na koyote, wale mbweha wakubwa wa huku, walikuwa wametutangulia. Yule mzee hakunilaumu hata kidogo. Lakini mimi nililitaja jina la Mungu juu ya uhai wa yule mnyama, na mwenye kufanya hivyo anawajibika kuumaliza upesi, si kumwacha ahangaike usiku kucha kwenye theluji. Nilirudi nyumbani nimeshaamua: sitaingia tena msituni na bunduki iliyotengenezewa bega la mtu mwingine.

Liko pia jambo la usalama ambalo wengi hawalijui. Bunduki ya bolti ya kulia hutoa maganda kupitia tundu lililo ubavuni upande wa kulia. Anayelenga kwa bega la kulia, uso wake uko upande wa pili. Sisi tunaolenga kwa bega la kushoto tunaweka uso upande uleule wa tundu. Siku nyingi hakuna linalotokea. Siku ganda likipasuka kwenye chemba, pale risasi inapokaa ikifyatuliwa, moshi wa moto na chembe za shaba hutafuta njia ya kutokea, na njia mojawapo ni tundu lile lililoelekea jichoni kwako. Ndiyo maana hata uwanjani sivui miwani ya kinga, na ndiyo maana simshauri mashoto yeyote anunue bunduki ya kulia kwa hoja kwamba ni rahisi kupatikana.

Sasa, kabla hujatoa hata dola moja, pima jicho. Nyoosha mikono yote miwili mbele yako, kutanisha viganja mpaka kibaki kitundu kidogo katikati, kisha kwa macho yote mawili tazama kitu cha mbali kupitia kitundu hicho, kama swichi ya taa ukutani. Bila kutikisa mikono, fumba jicho la kushoto, halafu fumba la kulia. Jicho ambalo likiwa wazi peke yake bado unaiona swichi, hilo ndilo jicho linaloongoza. Mashoto wengi huongozwa na jicho la kushoto, ila si wote. Kama unaandika kwa kushoto lakini jicho lako la kulia ndilo linaloongoza, jaribu kwanza kulenga kwa bega la kulia kabla hujanunua chochote, kwani huenda bunduki ya kawaida ikakufaa na ukaokoa pesa. Na kinyume chake kipo: wako watu wa mkono wa kulia ambao jicho lao ni la kushoto. Yule kijana alijipima palepale ndani ya gari, akitazama kibao cha maegesho. Kushoto, bila shaka yoyote.

La pili nililomuuliza lilikuwa la karatasi zake, na hapa naomba ndugu zangu tulio ugenini tusome polepole. Ukinunua bunduki mpya dukani Marekani utajaza fomu 4473 ya serikali ya shirikisho, kisha muuzaji atapeleka jina lako kuchunguzwa. Mwenye green card anaruhusiwa kununua, na atatakiwa kuandika namba yake ya uhamiaji. Aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala risasi, isipokuwa awe na mojawapo ya misamaha ya sheria. Msamaha mmojawapo ni leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Na katazo hilo haligusi kununua tu. Kushika bunduki ya rafiki uwanjani ili mpige picha kunaweza kukuingiza matatani. Swali la bangi pia lipo kwenye fomu, na hata kama jimbo lako limeiruhusu, sheria ya shirikisho haijairuhusu. Kuandika uongo kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai, na kwa mhamiaji kosa la jinai halimaliziki kwenye faini. Ukiwa na shaka hata kidogo, muulize wakili wa uhamiaji kwanza.

Kwa hapa Minnesota, bunduki ya bolti haihitaji kile kibali cha polisi kinachotakiwa kwa bastola. Ila kama umezaliwa baada ya Desemba 31, 1979, utahitaji cheti cha usalama wa silaha ili upate leseni ya kuwinda kwa bunduki. Mtu mzima anaweza kusoma kozi yote kwenye intaneti. Ukishaishi jimboni siku 60 unahesabiwa mkazi, na ada ya leseni inapungua sana.

Tuje kwenye bunduki yenyewe. Zamani mashoto alikuwa hana pa kwenda. Savage walianza kuuza bunduki yao ya 110 ya mkono wa kushoto mwishoni mwa miaka ya 1950, na kwa muda mrefu ilikuwa miongoni mwa chache tulizokuwa nazo. Leo hali ni nafuu. Savage bado wanatutengenezea, Ruger wana American ya kushoto, Browning wana X-Bolt, na Wafini wa Tikka wana T3x. Mimi nina Tikka ya .308. Niliichagua baada ya kuikoki dukani mara ishirini hivi, muuzaji akinivumilia, kwa sababu bolti yake inateleza kama droo iliyopakwa mafuta na kishikio kinainuka nyuzi 70 tu, hivyo vidole havigongi darubini. Ilinigharimu karibu dola 900 bila darubini. Ruger na Savage za bei ya chini hupatikana kwa pesa pungufu ya hapo na zinapiga sawasawa. Kama mfuko umebana, chukua mojawapo bila kuona haya, na hicho kilichobaki nunulia darubini nzuri na risasi za mazoezi.

Angalia sefti, ile swichi ya kuzuia bunduki isifyatuke, iko wapi. Kwenye Ruger American, Savage 110 na X-Bolt iko juu, kwenye shingo ya kitako, kidole gumba cha mkono wowote kinaifikia. Kwenye Tikka iko kando ya bolti, na katika bunduki ya mashoto imehamishiwa upande wetu. Zote ni sawa mradi ukiijaribu na glavu.

Na kweli, ijaribu na glavu. Nenda dukani na koti lako la msimu, lile nene la rangi ya machungwa, hata kama ni Agosti na watu watakutazama. Kitako kinachokufaa ukiwa na shati kitakuwa kirefu mno ukivaa nguo tatu, darubini itakuwa mbali na jicho, na mwanzo wa asubuhi, wakati mwanga ni haba, utahangaika kutafuta picha. Inua bunduki macho yakiwa yamefumba, iweke begani, kisha yafumbue. Kama jicho liko katikati ya darubini bila kusogeza shingo, imekukaa.

Kuhusu aina ya risasi sitasema mengi. Viwanda havitengenezi bunduki za mashoto kwa kila aina, kwa hiyo usiipende risasi kwanza. .308, .30-06 na 6.5 Creedmoor zote zinamtosha kulungu kabisa, na ni za kawaida madukani. Mimi nilipendelea .308 kwa sababu hata vituo vya mafuta kule kaskazini huiuza.

Sasa la subira. Duka lenye bunduki sitini ukutani linaweza kuwa na moja ya kushoto, na hiyo moja ikawa si unayoitaka. Itabidi uagize, ije kwa muuzaji mwenye leseni aliye karibu nawe, ulipe ada yake, ujaze fomu kwake. Anza mapema, mwezi wa tano au wa sita, kwa sababu msimu wa kulungu kwa bunduki hufunguliwa Jumamosi iliyo karibu zaidi na Novemba 6 na kufikia Oktoba rafu huwa zimeshachambuliwa. Na bunduki ikifika, fungua sanduku kabla ya kugusa kalamu. Mimi ya kwanza kuagiza ilikuja na kibandiko sahihi kabisa pembeni ya sanduku, herufi LH, yaani mkono wa kushoto, zimeandikwa wazi. Ndani kishikio cha bolti kilikuwa kulia. Nilikuwa nimeshaanza kujaza fomu. Ningetia saini nikaondoka nayo, kisheria ingekuwa yangu na ingehesabiwa imetumika, na kuirudisha kungekuwa kazi kubwa. Nilisubiri wiki tatu nyingine. Wiki tatu ni kitu kidogo ukilinganisha na ule usiku wa theluji.

Kuna anayeuliza kuhusu bunduki za kukoki kwa wenzo wa chini, zile za kina Marlin 336. Ndiyo, wenzo uko katikati, hauchagui mkono, na kwa msitu mnene ni bunduki nzuri sana. Kumbuka tu maganda bado yanaruka upande wa kulia, mbele ya uso wako. Ukiipata kwa bei nzuri na bolti ya kushoto haipatikani, sitakukataza.

Msimu uliofuata nilipanda dungu lilelile. Kulungu alitoka asubuhi, umbali wa kama mita 90. Risasi ya kwanza ilimpata mahali pake, lakini hakuanguka mara moja, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshainua bolti, umevuta, umesukuma, umeshusha, kabla akili haijaamua. Msalaba wa darubini haukutoka mwilini mwake. Ganda lilidondoka upande wa kushoto, nikalisikia likigonga ubao wa dungu. Ya pili ilimlaza palepale. Niliteremka, nikamkuta ametulia, macho bado yanang'aa, na mvuke mwembamba ukipanda kutoka kwenye manyoya. Nyama yake tuliigawa kwa majirani watatu na msikitini.

Kijana amepata Ruger kwenye duka moja huko Duluth, ya kushoto, na muuzaji amekubali kumwekea hadi Ijumaa. Tunaondoka alfajiri. Nimemwambia aje na koti na glavu zake.