Ndege adimu anapoonekana nasi tumezuiwa kusafiri: majibu kwa maswali yenu

Safari zikipigwa marufuku, je, kutangaza ndege adimu si kuwachochea watu kuvunja sheria?

Hofu yako ina msingi. Februari 2021, Uingereza ikiwa bado chini ya amri ya kubaki nyumbani kwa sababu ya janga la UVIKO-19, ndege wa Amerika Kaskazini aitwaye kisayansi Mimus polyglottos, hodari wa kuiga milio ya ndege wengine, alionekana katika bustani za nyumba mjini Exmouth, na polisi wakawatoza faini baadhi ya waliosafiri kwenda kumwona. Kwa maoni yangu kosa ni la waliosafiri. Ndege aliyepotea njia asipoandikwa siku ile, habari zake zimepotea kabisa. Hata hivyo, mtoa taarifa anapaswa kutaja wilaya bila kutaja mtaa, hasa ndege anapotua kwenye makazi ya watu.

Nimemwona dirishani ndege nisiyemjua, na hakuna mtaalamu anayeweza kuja kumthibitisha. Nifanye nini?

Usikimbilie kitabu, mtazame kwanza, kwa kuwa kitabu kitakungoja naye hatakungoja. Andika saa, umbali na upande wa mwanga, ukubwa wake ukilinganishwa na ndege unayemfahamu, umbo la mdomo, rangi ya miguu, na kama akiwa chini hurukaruka kwa miguu yote miwili au hupiga hatua. Rekodi mlio wake kwa simu, hata ukiwa hafifu. Kisha wasilisha yote kwenye eBird, mfumo wa mtandaoni wa kukusanya rekodi za ndege ulioanza mwaka 2002 chini ya Cornell Lab of Ornithology na Audubon, taasisi za Marekani zinazoshughulikia ndege, ambako wakaguzi wa kujitolea hupitia rekodi zisizo za kawaida. Picha yenye ukungu inayoonyesha mkia vizuri huwasaidia kuliko maneno “nina hakika”.

Orodha ya ndege wa uani ina thamani gani?

Kubwa sana. Tarehe 9 Mei 2020, nchi nyingi zikiwa zimefungwa, watu zaidi ya 50,000 walishiriki siku ya kimataifa ya kuhesabu ndege inayoratibiwa na eBird. Mimi mwenyewe, asubuhi moja ya zuio, nilimtazama shomoro jike akihangaika kuingiza unyoya mrefu kwenye tundu la ukuta: mara tatu ulikwama kwa sababu aliushika katikati, na mara ya nne akaushika kwenye shina, ukapita. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwapita shomoro nikielekea kwa ndege wa mbali, na hilo linanisikitisha. Wahesabu shomoro wako kila siku kwa muda uleule, kwani ni kwa hesabu kama hizo tunatambua ndege wa kawaida wanapoanza kupungua.

Nikigundua kiota cha ndege adimu?

Usitangaze mahali kilipo, kuwe na zuio au kusiwe nalo. Njia zikiwa tupu, mwizi wa mayai naye haonekani kwa urahisi. Weka kumbukumbu zako, usikaribie, na usubiri hadi makinda waruke.